Anayelima Mbele Ndiye Anayechora

Nani alikudanganya kwamba kuchora ni somo la wavivu? Mlete mjini Mbarara. Mkalishe wiki moja tu katika karakana ya sanaa anakosomea Thaddée, awaone vijana wanavyotoka humo jioni wakiwa na rangi puani, udongo kwenye kope na njaa ya mpasua kuni. Wenzao wa historia wakifunga kitabu wamemaliza. Mchoraji akifunga kitabu ndiyo kwanza anaanza: nta ya batiki inamngoja aichemshe, chungu kimepasuka kwa sababu alikianika juani kwa pupa, na mkeka aliousuka nusu unamtazama kutoka pembeni kama mtoto aliyenyimwa ziwa. Na historia hiyohiyo anaisoma pia, na uchumi juu yake. Hakuna aliyemsamehe somo hata moja.

Thaddée alikuwa mwaka wa mwisho. Alitoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, Cansilde, akakulia Kashojwa, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na alijifunza kuchora kwa kipande cha mkaa juu ya mifuko ya saruji. Alipochagua sanaa, watu walimcheka. Mkimbizi na rangi, wapi na wapi? Kana kwamba mtu akipoteza nchi lazima apoteze na macho! Yeye hakubishana nao. Aliandika jina lake katika somo hilo na kujitwisha mzigo wake wote.

Lakini mzigo ni mzigo. Muhula ule ulipofika katikati, batiki yake ilikuwa tayari, vyungu vilikuwa tayari, majani na viatu na masufuria alikuwa amevichora mpaka akaviota. Kitu kimoja tu alikuwa amekiahirisha kila wiki kwa sababu kila wiki kulikuwa na kingine kinachowaka zaidi. Hakuwa na watu. Katika mkoba wake mzima wa michoro hapakuwa na binadamu hata mmoja.

Mwalimu Yonatani, Mnyankole mwenye mabega ya kubeba gunia, aliupekua mkoba huo mbele ya darasa. Kiswahili chake alikipata katika kambi ya jeshi, baba yake alipokuwa askari, na alikitumia kwa wanafunzi wa Nakivale kila alipotaka waelewe kwamba hatanii.

"Ssebo, bwana, hii sufuria ni mzuri. Hii kiatu ni mzuri. Watu iko wapi?"

"Nitawachora wakati wa mapumziko, mwalimu."

"Sikia. Mapumziko inaisha Alhamisi. Ijumaa asubuhi unaleta watu. Watu inafanya kazi, si watu inakaa kama mawe. Kama hakuna, hiyo meza yako napatia mwingine, wewe unaenda kusoma kitu ingine. Sawa?"

"Sawa, mwalimu."

Meza yenyewe ilikuwa ubao uliochakaa karibu na dirisha, wenye mikwaruzo ya visu na madoa ya nta. Thaddée aliishika ukingo wake kwa vidole vyote. Mwalimu hakuwa mtu wa kusema neno akalimeza baadaye.

Basi akarudi Kashojwa na karatasi zake, na siku hiyohiyo akamwomba mama yake awaambie majirani kwamba anahitaji watu wa kuwachora. Cansilde akatangaza baada ya sala za jumuiya, kwa fahari ya mama ambaye mwanawe ana shughuli. Na hapo ndipo kosa lilipozaliwa, kosa ambalo lingewapata watu wa Nakivale peke yao.

Asubuhi Thaddée alipofungua mlango, alikuta foleni. Watu wameoga, wamejipaka mafuta, wamevaa nguo za misa. Musoni, fundi wa baiskeli, alikuja na mke na watoto wote, wamepangwa kutoka mkubwa hadi mdogo, na kadi ya familia ameishika kifuani. Bibi Mukandoli, mjane wa nyumba ya pili, alikuwa amekivuta kilemba chake nyuma mpaka masikio yote mawili yakawa nje.

"Bibi, mbona masikio?" Thaddée akauliza.

"Wakitupiga picha za kadi wanayataka siku zote, sha. Mwaka ule walinirudisha nyuma kwa ajili ya sikio la kushoto."

Unaweza kucheka. Lakini fikiri kwanza: ni nani aliyewahi kuwatazama watu hawa usoni kwa makini, isipokuwa aliyetaka kuwahesabu? Kila mmoja aliketi kwenye kigoda, mgongo wima, macho mbele, midomo imefungwa, akasubiri aambiwe "anayefuata". Thaddée aliwasihi wasogee, wacheke, washike kitu. Musoni akashika kadi.

Akachora mpaka mchana, kwa sababu hakuwa na moyo wa kumrudisha mtu. Jioni Bienfait, kinyozi Mkongomani kutoka Kivu Kusini na rafiki yake wa siku nyingi, alizitandaza zile karatasi kitandani akazitazama huku akitafuna muwa.

"Ndugu, hapa haukuchora batu. Ulichora foleni ya biro ya wakimbizi."

"Usinichokoze."

"Sikuchokozi, nakuambia kweli. Angalia: hakuna hata mumoja mwenye iko anapumua. Mi ninanyoa batu kila siku, najua. Mutu akikaa tu ku kiti, sura inakufa. Inafufuka akisimama kutafuta makuta ya kunilipa."

Thaddée alicheka bila kutaka, kisha akakunja karatasi zote. Siku iliyofuata alijaribu sokoni. Wauzaji walijifunika nyuso kwa khanga na kumuuliza ametumwa na shirika gani. Ikabaki siku moja, Alhamisi. Na Alhamisi haikuwa yake.

Mvua za Machi zilikuwa zimeshaanza, na shamba la Cansilde lilikuwa bado nyasi tupu. Mama alikuwa ameita ikibiri tangu wiki iliyotangulia. Hiyo ni desturi ya nyumbani waliyoibeba bila kuikunja mahali popote: leo tunalima kwako, kesho kwangu, na jasho linatulizwa kwa pombe ya mtama. Cansilde alikuwa amelima mashamba ya wote hao. Sasa ilikuwa zamu yake, na maharage hayangojei mitihani ya mtu.

"Mama," Thaddée alimwambia jioni ile, "kesho nikae pembeni nichore. Ninyi limeni. Watakuwa wanafanya kazi, ndicho mwalimu anachotaka."

Cansilde aliendelea kupepeta mbegu zake. "Hujui unachosema. Jaribu uone."

Akajaribu. Alfajiri watu walijipanga chini ya shamba, kila mmoja na ngwe yake, yaani ukanda wake wa kulima, na majembe yakaanza kuingia ardhini kwa pamoja. Thaddée akaketi juu ya jiwe, ubao magotini, mkaa mkononi. Hakuvuta hata mistari mitatu. Jembe moja likanyamaza. La pili likanyamaza. Akainua macho, akakuta mstari mzima umesimama ukimtazama, na katikati yake Mukandoli ameegemea mpini.

"Cansilde!" Bibi aliita kwa sauti ya kusikika hadi makazi ya jirani ya Oruchinga. "Siku hizi nyumba yako ina nyapara?"

Watu wakaangua kicheko, lakini hakuna aliyeinua jembe. Cansilde alikuwa ameinamisha kichwa. Aibu yake Thaddée aliihisi masikioni mwake mwenyewe.

"Ninachora, bibi. Ni kazi ya shule."

"Kazi nzuri. Lakini mwenye shamba akikaa, sisi tunamlimia nani? Huko kwetu aliyekaa ni chifu au maiti. Wewe ni yupi?"

Angeweza kukasirika. Angeweza kusema kwamba wao hawajui sanaa, kwamba meza yake inataka kuchukuliwa, kwamba dunia nzima inampinga. Vijana wengi wasomi husema hivyo, na ndiyo maana vijiji vimewachoka! Thaddée aliutazama ule mstari: migongo, mikono, majembe yaliyosimama. Akatazama ngwe moja tupu katikati yao, iliyokuwa yake tangu mwanzo. Kisha akainuka, akaupeleka ubao wake mpaka ukingo wa juu wa shamba, mahali ambapo wote wangefika wakimaliza, akauegemeza kwenye kichuguu. Akateremka, akachukua jembe.

"Bibi Mukandoli," alisema, "nikifika juu kabla yenu, muda wote mtakaokuwa mnanifuata ni wangu. Nachora. Mkinifikia, naacha. Tumekubaliana?"

Mukandoli alitema mate mikononi. "Huyu mtoto anataka kutukimbia! Haya, tumfikie kabla hajamaliza pua ya mtu!"

Wakalima. Ee, wakalima! Thaddée hakuwa ameshika jembe tangu likizo ya Krismasi, na viganja vyake vilikuwa laini kwa nta na rangi. Alilima kama mtu anayechimbua kitu chake kilichozikwa. Nyasi zilipaa, mabega yakawaka, pumzi ikawa moto kooni. Alipofika juu, wenzake walikuwa nusu ya njia. Alisimika jembe mwishoni mwa ngwe yake, akafuta kiganja kwenye suruali, akadaka mkaa.

Mstari aliotaka uwe mnyoofu ulitoka na mawimbi. Hakuwa na muda wa kuufuta. Walikuwa wanamjia, wameinama, vilemba mbele, migongo ikipanda na kushuka, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka masikio yake. Musoni aliyeshika kadi kama nguzo sasa alikuwa amejikunja kama upinde. Mukandoli alilima huku akiimba matusi matamu, kiwiko kimoja juu kuliko kingine, na Thaddée akakichora kiwiko hicho kabla ya kichwa.

"Tumekufikia, mchoraji! Weka chini!"

Akaweka chini. Wakahamia kipande cha pili, naye akashika jembe tena. Akatangulia tena. Akachora tena. Kila alipopata malengelenge alipata na karatasi. Mara moja walimshinda kabisa, wakamzunguka wakimpigia makofi, akabaki na karatasi yenye mguu mmoja tu wa Cansilde. Manyunyu yakaanguka, yakaacha vidoa. Bienfait, aliyekuja mchana eti kutazama, alipewa jembe kabla hajasalimia.

"Mimi ni kinyozi!" alilia.

"Basi nyoa hizo nyasi," Mukandoli akamjibu.

Kipande cha mwisho Thaddée alikimaliza akiwa mbele tena. Alipogeuka na ubao, aliona kitu ambacho hakuwa amekiona siku nzima. Mstari wa watu ulikuwa unapanda, umekamilika, isipokuwa mahali pamoja. Pale palipopaswa kuwa pake palikuwa na ukanda mtupu wa udongo mweusi uliolimwa, unatoka chini kabisa, unapita kati ya watu kama njia, unaishia kwenye jembe lililosimama peke yake miguuni pake. Aliuchora hivyohivyo. Hakuongeza kitu.

Jioni walikunywa, na Cansilde alimpaka mwanawe siagi ya ng'ombe iliyotoka Endiinzi kwenye malengelenge ya viganja.

"Yanauma?"

"Ego, mama, yanauma."

"Vizuri," alisema, akaendelea kupaka.

Asubuhi iliyofuata pikapu ya nyanya ilimfikisha Mbarara mapema. Mwalimu Yonatani alikuwa karakanani peke yake, akifagia vipande vya udongo. Hakusalimu. Alinyoosha mkono, akapokea karatasi, akazipanga sakafuni moja baada ya nyingine, zikiwa na madoa ya mvua na alama za vidole vyenye matope. Kisha akazizunguka polepole, mikono nyuma.

"Hii hapana," alisema, akausukuma kando ule mguu wa Cansilde. "Hii pia hapana, ulikimbia sana. Utarudia."

"Ndiyo, mwalimu."

Akasimama mbele ya karatasi ya mwisho. Akachuchumaa. Kidole chake kinene kilifuata ukanda ule mtupu kutoka chini hadi kwenye jembe.

"Hapa mtu iko wapi?"

"Ni mimi, mwalimu. Nilikuwa nimeshamaliza kulima. Hapo nilikuwa nawachora."

Yonatani alimtazama, kisha akaishika mikono ya Thaddée, akaigeuza viganja juu, akayaona malengelenge yaliyopasuka. Aliokota karatasi ile yenye matope, akavuta kiti hadi ukutani, akapanda, na kwa pini nne akaibandika juu ya ubao wa darasa, mahali ambapo tangu mwaka uanze hapakuwa na kitu. Alishuka, akarudi nyuma hatua kadhaa, akainamisha kichwa upande, kama anayetafuta kilichopinda.

Kengele ikalia. Wanafunzi wengine wakaanza kuingia wakiburuta miguu. Mwalimu Yonatani akachukua kitambaa, akaenda dirishani, akaipangusa vumbi meza ya Thaddée, na juu yake akaweka donge bichi la udongo.

"Kaa," alisema. "Leo tunaanza kichwa ya mtu. Jumatatu nataka iko kavu."