Bubu Aliyeitengeneza Kadi Yangu

Nyie mnaopenda kubisha, bisheni nikishamaliza. Mimi ni mwalimu wa fizikia, nimefundisha Mpanda miaka mingi, na kazi yangu ni kuwaambia watoto wasiamini kitu ambacho hakijapimwa. Hiki sikukipima. Nilikiona kwa macho yangu, mchana, siku ya Jumapili, na sikuwa na homa wala usingizi.

Ilikuwa miaka ya tisini. Shule yetu ilikuwa imepewa kompyuta sita za msaada, zile za nyumbani za zamani, kibodi na mashine yenyewe ni kitu kimoja, unachomeka kwenye televisheni. Huko zilikotoka walishazitupa, lakini sisi tulizifurahia kama mpya. Shida ni kwamba kifaa cha kusomea diski kilikuwa kimoja tu. Kompyuta tano zilizobaki tulizilisha programu kwa kaseti. Nusu saa kaseti inapiga kelele, halafu inakwama mwishoni, unaanza upya. Kipindi kinaisha wanafunzi hawajagusa hata herufi moja. Unaijua hasira ya namna hiyo?

Dawa yake ilikuwa kadi ya mtandao. Unaipachika nyuma ya kila kompyuta, unaziunganisha kwa waya, zote zinatumia diski ile moja. Kadi ya dukani, hata ungeipata Dar, ungeuza ng'ombe kwanza. Nikaamua kutengeneza mwenyewe. Kaka yangu alinitumia mchoro, fotokopi iliyofifia. Chipu nilizing'oa kwenye mashine ya teleksi iliyotupwa. Njia za shaba nilizichora kwa rangi ya kucha kabla ya kuichovya bodi kwenye asidi. Waya ulikuwa wa antena ya televisheni.

Kadi mbili za kwanza zilinimaliza miezi mitatu. Naandika A kwenye kompyuta ya kwanza, ya pili inaleta alama za kuuliza. Nafumua, nalehemu upya. Alama za kuuliza. Vidole vyangu vilijaa malengelenge, na mume wangu aliacha kuniuliza nitarudi saa ngapi.

Ijumaa mkuu wa shule akasimama mlangoni.

"Madam, Jumatatu chumba hiki nakigeuza stoo ya mahindi."

"Mkuu, nimebakiza kidogo tu."

"Umebakiza kidogo tangu Pasaka."

Kwa hiyo Jumapili, wenzangu wako kanisani, mimi nilikuwa shuleni. Mlinzi aliniwashia jenereta ndogo, akarudi getini. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, uwanja wote tope. Nikajaribu. Alama za kuuliza. Niliitupa bisibisi ukutani, nikaweka kichwa mezani, nikalia. Sioni aibu kusema.

Nilipoinua kichwa, mwanamume alikuwa amesimama ndani ya chumba.

Umri wake kama miaka thelathini. Miguu peku, kucha ndefu, nywele zimejaa vumbi la pumba kama mtu aliyelala kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Nikamwambia, "Karibu kaka." Akafungua mdomo, ikatoka sauti ya kooni tu, "Mmh, mmh." Nikajua ni bubu. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anaitazama kadi.

Akaja, akaichukua, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akashika pasi yangu ya kulehemu kama mtu anayeshika kijiko chake mwenyewe. Alikwangua njia moja ya shaba, akahamisha waya, akabadilisha miguu miwili ya chipu niliyoichanganya mimi. Na pale lehemu ilipokuwa bado inang'aa kwa moto, aliibonyeza kwa kidole gumba. Nilisikia ngozi ikifanya chiii. Hakushtuka. Hakupepesa hata jicho.

Hapo ndipo ningetakiwa kukimbia, si ndiyo? Sikukimbia. Niaminini, nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata angekuwa na mkia ningemwachia aendelee.

Akapachika kadi. Nikaandika A. Kompyuta ya pili ikaleta A. Nikaandika jina la shule, likatokea lote. Nilipiga kelele, nikacheza peke yangu mle ndani. Yeye alikuwa ameshakaa mbele ya ile kompyuta ya pili, anaandika kwa kidole kimoja, polepole. Maneno yakawa yanatokea kwenye televisheni yangu:

MIMI SI BUBU. NIMEFUNGWA ULIMI.

Kisha: NAITWA NESTORI. MAMA YANGU YUKO USEVYA. MWAMBIE SIJAFA. NISAIDIE.

Sasa sikilizeni jibu langu, maana ndilo linaloniumiza. Nilisoma, nikaelewa kila neno. Lakini kichwani nilikuwa na kadi nne ambazo hazijatengenezwa, na Jumatatu inakuja. Nikamwambia kwa mdomo wangu huu:

"Nestori kaka yangu, nitakupeleka mwenyewe. Ila kwanza nisaidie kadi ya tatu. Hii kapasita inakaa wapi?"

Ndipo akanitazama. Kwa mara ya kwanza.

Nje mtu akakohoa, kikohozi kimoja kifupi, cha kuita. Nestori akasimama pale pale, kama ng'ombe aliyesikia mluzi, akatoka. Nikamfuata hadi mlangoni. Alikuwa anakatiza uwanja, mkono wa kulia umenyooka mbele, kiganja kimefumba, kama mtu anayevutwa kwa mkono. Mbele yake hapakuwa na mtu. Nyayo kwenye tope zilikuwa za watu wawili.

Nilipogeuka, jenereta ikazima, mafuta yameisha. Maneno yakafutika kwenye televisheni zote mbili. Mlinzi aliapa kwamba geti hakulifungua.

Wiki iliyofuata nilipanda lori hadi Usevya. Sikuuliza sana, jina lile lilijulikana. Nestori alikuwa fundi redio. Aliugua asubuhi, akafa jioni, akazikwa, mwaka wa tatu huo. Mama yake alinikalisha kwenye mkeka karibu na mpunga alioanika. Nikamweleza yote.

"Alisema hajafa?" akauliza.

"Aliandika hivyo, mama."

"Na wewe ukamwambia nini?"

Nikamwambia ukweli. Akageuza mpunga kwa kiganja.

"Mwanangu, chumba hicho kilikuwa na mlango?"

"Kilikuwa nao."

"Unafungika?"

"Unafungika, mama."

Alinipa maji ya kunywa, akanisindikiza hadi barabarani.

Kadi zile zilifanya kazi. Mkuu alinipongeza mbele ya wazazi, na mahindi yakatafutiwa chumba kingine. Nne zilizobaki nilizimaliza mwenyewe kwa kuiga alivyofanya, na hiyo kapasita niliijua baada ya dakika kumi tu za kufikiri. Dakika kumi! Usevya nimeenda kila mwaka hadi mama yule alipofariki, na kila nilipofika aliniuliza swali moja: amerudi? Waganga, wachungaji, polisi, kote nilifika. Wengine walinicheka, wengine walidhani ndoa yangu ndiyo imenichanganya akili, wakanipa pole.

Wewe unayenisikiliza, akikujia mtu asiyeweza kusema, usimpe kazi. Hata kama mikono yake ni ya dhahabu, hata kama kesho unafukuzwa. Funga mlango kwanza, mshike mkono, piga kelele watu waje. Kapasita utaitafuta baadaye.