Aliuliza, Nami Nikasema Sikumbuki

Niyaseme haraka kabla moyo haujanigeuka. Mimi ndiye niliyemfanya mwanamke mkweli aonekane mwongo mbele ya mumewe. Sikulewa, sikulazimishwa. Nilikuwa na akili zangu timamu, na tai nimevaa!

Jina langu naliacha. Majina ya wengine nimeyabadili. Yaliyobaki ni kama yalivyotokea, na wala sitajipaka mafuta.

Mimi ni Mtanzania. Miaka ya themanini nilipelekwa Ukraine kusomea mambo ya mbao, enzi zile kwetu tukisema tu "fulani yuko Urusi". Darasani tulifundishwa Kirusi, lakini Kiukraini nilikiokota bwenini na sokoni, nikakishika vizuri. Muungano wao ulipovunjika sikurudi nyumbani. Nilikuja London, nikaoa Mkongomani wa Bukavu, Mama Deo, tukapanga Edmonton. Digrii yangu ya mbao nikaiweka chini ya godoro, nikashika fagio. Nilisafisha ofisi za watu miaka, jamani. Unainama chini ya meza ya mtu, anainua miguu tu, hakutazami.

Katikati ya miaka ya tisini shirika moja likatafuta mkalimani wa Kiukraini. Lilikuwa na mradi wa kuunganisha biashara ndogondogo za kule na wenzao wa Uingereza. Kiwanda kikubwa cha serikali kimekufa, mafundi wamebaki mikono mitupu, basi wanafungua karakana zao, kisha wanaungana ili washirikiane mashine na kutafuta wanunuzi pamoja. Siku hizi kwetu wanaita kongano. Waliponisikia nikiongea, walicheka kwa furaha. Mwafrika anayesema Kiukraini! Wakaanza kuniita kwa vibarua, huku bosi akiniahidi kwamba ziara ya wageni ikienda vizuri nitaajiriwa moja kwa moja.

Mgeni mwenyewe alikuwa Halyna.

Mama wa makamo, mabega mapana, sauti nene. Alikuwa mwenyekiti wa kongano la maseremala kwenye mji mdogo karibu na milima, wanatengeneza viti na fremu za madirisha. Mumewe, Petro, ndiye aliyekuwa mpasua mbao wao. Siku ya kwanza nilipomsalimia alinikazia macho, kisha akapiga makofi. "Wewe unaongea kama wauza viazi wa soko letu!" Tangu hapo nikawa kaka yake. Jioni moja nikampeleka nyumbani. Mama Deo alipika sombe, kisamvu cha kwao, na samaki, Halyna akala kwa mkono na kuomba aongezewe. Hawakuwa na lugha hata moja kati yao, lakini walicheka mpaka nikajiona mimi ndiye mgeni.

Natamani ningeishia hapo.

Kulikuwa na kiwanda cha samani hapohapo Edmonton kinafungwa, na mradi ukapata msumeno mkubwa wa mviringo wa kupeleka kwa kina Halyna. Tukaenda kuutazama. Waliokuwepo ni bosi wangu, wafadhili wawili watatu wenye makoti mazuri, mpiga picha, Halyna, mimi, na mzee Ron, fundi aliyeutumia msumeno ule maisha yake yote ya kazi.

Halyna hakutaka kupiga picha kwanza. Aliuzunguka, akapapasa meza yake, akanigeukia. "Kaka, muulize. Ukizima, meno yanasimama upesi? Petro amenikataza kurudi bila jibu la swali hili."

Nikamuuliza mzee Ron. Akatikisa kichwa. "Mwambie breki imekufa," alisema. "Ukizima, unaendelea kuzunguka wenyewe, tena kimya. Husikii kitu. Wasiuwashe mpaka wafunge breki nyingine. Mwambie hivyo hivyo." Na mkono wake ukawa unazunguka hewani, taratibu, kumwonyesha.

Nikafungua mdomo. Bosi akaniinamia sikioni. "Hilo tutaliandika kwenye maelezo ya mashine. Usimtie hofu sasa, wageni wana haraka ya kwenda kula."

Msije mkasema sikulijua neno! Breki kwa Kirusi ninalijua, kwa Kiukraini ninalijua, na nimesomea mashine zilezile. Nililijua, na nikalimeza.

"Anasema unasimama kama kawaida," nikamwambia Halyna.

Akamtazama mzee Ron. "Mbona anazungusha mkono namna hiyo?"

Aliuliza tena, mnaona? Mungu alinipa nafasi ya pili palepale, nimesimama!

"Anakuonyesha unavyozunguka vizuri," nikasema.

Akatabasamu. Akamshika mzee wa watu mkono kwa mikono yake miwili. Mzee Ron akaniuliza, "Umemwambia?" Nikasema, "Nimemwambia." Mpiga picha akatupanga. Kwenye ile picha mimi ndiye ninayecheka kuliko wote.

Ajira nikapata. Nikapewa meza, na sasa mimi ndiye nilikuwa nikiinua miguu wafagizi wakipita. Msumeno ukasafirishwa. Yale maelezo ya mashine sikuyaona yakiandikwa, wala sikuuliza. Kila nilipotaka kuuliza nilijiambia wale ni mafundi, watagundua wenyewe. Nilikuwa najibembeleza.

Simu ililia ofisini asubuhi moja, baridi imeanza. Niliitambua sauti yake kabla hajataja jina, ila ilikuwa imekauka.

Petro alikuwa amezima msumeno. Karakana yao ilikuwa na mashine nyingine zinanguruma, na ule wa kwetu haukuwa na sauti. Akanyoosha mkono kuondoa kipande cha mbao kilichokwama. Ulimkata vidole vya mkono wa kulia, akabakiwa na gumba tu.



"Kaka," Halyna akasema, "Petro anasema sikuuliza. Anasema nilikwenda London kula na kupigwa picha, nikasahau neno moja aliloniomba. Yuko hapa pembeni yangu. Ulikuwepo. Mwambie niliuliza."

Bosi alikuwa meza ya tatu, anakunywa chai. Nilijua nikisema "aliuliza", swali litakalofuata ni moja tu: alijibiwa nini? Na nani alijibu? Nikaiona meza yangu inaondoka. Nikaliona fagio.

"Halyna," nikasema, "sikumbuki."



"Hukumbuki?"

"Watu walikuwa wengi siku ile. Mliongea mengi."

Alikuwa akiniita kaka tangu siku ya kwanza. Sasa akasema, "Asante kwa muda wako, bwana mkalimani." Akakata.

Ole wangu! Uongo wa kiwandani naweza kuutafutia visingizio: haraka, bosi, njaa. Huu wa pili hauna kisingizio. Mtu amezama, ananyoosha mkono, nami nikaurudisha wangu mfukoni.

Habari nyingine nilizipata kwa mwenyekiti mpya alipokuja London. Ndiyo, walichagua mwenyekiti mpya. Wenzake walisema Halyna amewaletea chuma cha kukata watu ili yeye apande ndege. Karakana zikaanza kujitoa moja moja, kila mtu akarudi kupasua mbao zake uani. Petro aliacha kusema naye, wanaishi nyumba moja kama wapangaji. Mwishowe Halyna akafunga mzigo, akaenda Italia kutunza wazee wa watu, kama wanawake wengi wa kule. Yule mwenyekiti alisimulia yote hayo huku anakata nyama kwenye sahani, kisha akaniuliza kama London kuna mvua kila siku.

Mradi nao uliisha, kama miradi inavyoisha. Meza niliyoiuzia roho yangu ikabebwa na watu wa samani. Nikapata kazi ghalani, kupanga maboksi.

Lakini kile kitu hakikuisha. Ndugu zangu, siwezi kusikia kitu kilichozimwa kikiendelea kuzunguka! Mashine ya kufulia ikimaliza, ngoma yake inajizungusha kidogo kabla ya kutulia. Mimi nasimama mlangoni, jasho linanitoka, nasubiri. Watoto walishazoea, wananiambia kwa Kiingereza kwamba imekwisha, baba, imesimama. Feni nayo ni hivyo hivyo. Na magurudumu ya baiskeli iliyolazwa chini. Mkono wangu unajikunja wenyewe. Na masikioni ni ile sauti nene: mwambie niliuliza.

Siku moja nimepanda basi la Edmonton, nani anaketi mbele yangu? Mzee Ron! Amezeeka, ana fimbo. Alinitambua papo hapo akachangamka. "Yule mama wa Ukraine, mwema sana yule. Waliitengeneza ile breki?"

"Waliitengeneza," nikasema.

"Ah, vizuri. Nilikuwa na wasiwasi. Nilimwambia mke wangu, bahati yule kijana alikuwepo kuwaeleza."

Nilishuka kituo kilichofuata, na hakikuwa changu. Nilikaa kwenye ukuta wa mtu nikalia kama mtoto, watu wananipita.

Tangu mambo yale nilikataa kumtafsiria mtu yeyote. Kanisani kwetu Wakongomani wengi walikuwa wapya, Kiingereza hawana. Mama mmoja alitakiwa hospitali, akanisihi nimsindikize kwa daktari. Nikasema sina nafasi. Mwingine alikuwa na kikao cha nyumba. Nikasema Kiingereza changu kibovu. Mama Deo aliaibika sana.

"Papa Deo," akaniambia tukirudi kutoka ibadani, "juu ya nini unakatalaka watu? Ule mama analia, weye unaangalia viatu."

Sijui ilikuwaje, nikamwaga yote. Pale pale njiani, tumesimama. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Halyna aliulizaka, ao hakuulizaka?"

"Aliuliza. Mara mbili."

"Basi mupigie bwana yake simu."

"Mama Deo, imepita miaka. Nitaanzia wapi?"

Akanishika kiganja, akakigeuza, akakitazama. "Weye vidole vyako viko vyote. Piga."

Nilinunua kadi ya simu dukani Kilburn, maana pale ndipo nilipokuwa na kazi wiki ile, nikaingia kwenye kibanda cha simu. Namba ya nyumba yao ilikuwa ileile. Aliipokea mwanamume.

Kiukraini changu kilikuwa kimeshika kutu. Nilimwambia mimi ndiye mkalimani. Nikamwambia mkeo aliuliza. Aliuliza kwa maneno yako, akarudia tena. Yule mzee alisema ukweli mtupu, na mimi ndiye niliyeugeuza. Na siku ya simu nilikumbuka kila kitu, nikasema sikumbuki.

Nilitegemea matusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa nayahitaji!

Petro akaanza kusema polepole.

"Unajua nilimwambia nini mke wangu? Siwezi kuyarudia. Mtu hamwambii mbwa wake maneno yale."

"Nisamehe."

"Ngoja. Anapiga simu kila Pasaka, kuuliza kama nimekula. Pasaka hii nitamwambia kwamba nimemwamini. Naye ataniuliza, kwa nini leo? Nitasema nini? Kwamba umenipigia wewe? Miaka yote hii alichotaka kwangu ni kuaminiwa bila shahidi. Sasa shahidi ndiye wewe. Nikufanyie nini?"

Nilisema, "Nipe namba yake, nimwambie mwenyewe."

"Hapana," akasema. "Hilo sasa ni letu." Akaweka simu chini, wala hakuigonga. Aliiweka taratibu tu.

Sijui kama alimwambia. Sijui kama Halyna alirudi. Nimekaa na kutojua huko mpaka leo, na naona ndiyo haki yangu. Mzee Ron nilimtafuta ili nimweleze naye. Nikaambiwa na jirani yake kwamba mzee ameshazikwa, kwa hiyo yule amekwenda akiniona mtu mwema. Hiyo nayo ninaibeba.

Siku hizi nikiombwa kumsindikiza mtu hospitali, nakwenda. Daktari akisema neno zito nalitoa vilevile lilivyo, hata kama mgonjwa ananishika shati na kuniuliza kwa macho kama hakuna neno jepesi zaidi. Si kwamba nimetakasika. Naogopa tu.

Nanyi mnaonisoma, wengi wenu mko ugenini kama mimi. Mnawasemea mama zenu kwa daktari, mnawasemea majirani kwa mwenye nyumba, mnasimama katikati ya watu wawili ambao hawana njia ya kuwapima. Nawaomba, tena kwa magoti: msile neno la mtu! Usimpunguzie ili apendeze, usimpambie ili bosi acheke. Hutaiona damu. Itamwagika mbali, kwenye karakana ambayo hutakanyaga, na wewe utakuwa umekaa kwenye kiti chako unakunywa chai.

Na siku mtu mliyemkosea akiwaomba jambo moja tu, mseme mlichokiona, msimjibu kama nilivyojibu mimi. Mkiulizwa kama mnakumbuka, kumbukeni!