Pikipiki Isiyobeba Gunia

Ipo siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa siku hiyo sikuwa na kazi ya maana zaidi ya kufukuza mbuzi kwenye maharage. Alikuja kwetu Murukulazo mnunuzi wa ng'ombe, mtu mnene aliyekuwa akifuta jasho kwa kofia yake. Baba alikuwa na ng'ombe jike mmoja tuliyemwita Bihogo, mwekundu wa kuiva, pembe zimekwenda juu, zikapinda, zikakaribia kukutana tena. Maziwa yake hayakujaza kikombe cha mgeni. Kuzaa alizaa mara moja, akaona inatosha. Yule mnunuzi alimzunguka mara tatu, halafu akauliza huyu mnamfugia nini.

"Namtazama," baba akajibu.

Mnunuzi akacheka, akidhani ni utani. Baba hakucheka. Alimweleza kwamba asubuhi akitoka nje, kabla hajasema na mtu, humtazama Bihogo akipita kwenye ukungu na pembe zake zile, na siku yake inakwenda vizuri. Maneno yakaishia hapo, na mnunuzi akaenda kujaribu kwa jirani.

Mimi niliona aibu. Niliona baba amesema kitu ambacho mwanamume hasemi mbele ya mgeni. Kwa nini asidanganye kidogo, akasema ng'ombe ni wa mahari ya mtoto, au ana dawa kwenye kwato zake? Watu wangemheshimu. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na nilikua na fikra hiyo kama mtoto anayekua na jino bovu, halimuumi mpaka siku lile jino liamue.

Nivumilie. Shule niliiachia darasa la nne, kwa hiyo usinidai mpangilio. Najua ulichokuja kuniuliza. Vijana wengi wanapita hapa kwa shikamoo ndefu, na baada ya marahaba wanaangukia jambo lile lile: kwa nini Eliya, mtoto wangu wa tatu, dereva wa bodaboda wa Nyakanazi mwenye akili zake timamu, alinunua pikipiki mpya ile ndefu ya kiti cha chini, ile ambayo wenyewe wa Mwanza wanaiita kruza. Nitakwambia. Lakini lazima nianze na baiskeli.

Katika ukoo wetu kuna desturi. Mtu akitaka kuingiza nyumbani kitu kikubwa, ndugu wanaitwa, mtungi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, unawekwa katikati, na mwenye jambo lake anashika mrija kabla ya wote. Hanywi kwanza. Anasimama, anasema kitu hicho ni cha kazi gani. Akishasema ndipo anakunywa, na wakubwa wanakunywa baada yake. Wakubwa wakishakunywa, neno lililotangulia rubisi halirudishwi. Ukisema shamba ni la kahawa, usije mwakani ukapanda mihogo. Watu wamenyang'anywa vitu kwa sababu ya kusahau walichosema.

Mimi nilikuwa kijana, nimepata baiskeli yangu ya kwanza, mpya, ina kengele na karatasi bado imefungwa kwenye fremu. Na sababu ya kuinunua ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa inaishi Mugoma. Jina lake Veneranda. Nilitaka siku ya Jumapili, watu wakitoka kanisani, nipite mbele ya kaka zake nikiwa nimekaa juu, kengele inalia, nimpakie nyuma, waone. Nilikuwa nimemwahidi. (Mama Eliya akisikia haya ataniuliza maswali, lakini nimeshazeeka, atanifanya nini.)

Siku ya mtungi nikasimama na mrija. Kaka yangu mkubwa, Gaspari, alikuwa amekaa mkabala nami. Wajomba wapo, baba yupo. Nikakumbuka "namtazama" ya baba na aibu niliyoona. Nikasema baiskeli hii ni ya kupeleka kahawa ya ukoo, na kubeba wagonjwa wetu. Wakapiga makofi. Gaspari aliinuka akaja kunikumbatia. Nikanywa. Rubisi yenyewe ilikuwa tamu kweli.

Jumapili niliyoahidi ilipofika, niliamka nikaukuta ukuta umebaki peke yake. Gaspari ameondoka na baiskeli alfajiri, amepakia kahawa. Nilikwenda Mugoma kwa miguu. Unaujua mlima ule. Nilifika vumbi limenifika magotini, kanisa limefungwa, kaka zake wameshakwenda, yeye amekaa kwenye ngazi peke yake. Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. Alisema tu kwamba alidhani baiskeli ile ni maneno. Kabla ya mavuno aliolewa na mtu mwingine.

Nikamwendea baba shambani, akiwa anakata majani makavu ya migomba. Nikamlalamikia Gaspari mpaka povu likanitoka. Baba hakuacha kukata.

"Wewe ulisema ni ya kahawa," akasema. "Gaspari amepeleka kahawa. Kosa lake liko wapi?"

Akakata jani jingine.

"Kama ulikuwa na lako, ulimwachia nani akusemee?"

Na mimi nilifanya nini? Nilinyamaza vilevile. Baiskeli ikabeba kahawa, ikabeba chumvi, mahindi ya kusaga, ikabeba bibi wa watu mwenye mguu uliovimba. Gaspari aliitumia kuliko mimi, na kila akiirudisha aliisimamisha ukutani kwa adabu, akanishukuru, na mimi nikajibu karibu tena. Miaka mingi, mwanangu. Mpaka fremu ikakatika.

Sasa tuje kwa Eliya. Huyu amepakia watu na mizigo Nyakanazi miaka tisa. Unapajua Nyakanazi: malori ya kwenda Rwanda na Burundi yamejipanga, mama lishe wanaita, abiria anashuka basi la Kahama na magunia mawili na jogoo, anataka vyote vipakiwe kwenye pikipiki moja. Eliya anavipandisha. Na akija huku nyumbani kusalimia hapumziki, maana kaka yangu Gaspari anakuwa ameshaweka mikungu ya ndizi barabarani, anamngoja. Pikipiki ya kazi ikiingia kwenye ukoo inakuwa ya ukoo. Mgongo wa Eliya ulianza kulalamika akiwa bado kijana.

Siku moja akaniambia anataka kununua pikipiki yake mwenyewe, mpya, na si ya kazi. Nikamuuliza ya nini basi. Akainama. Akasema atawaambia wazee ni ya kufuatilia mashamba na kusaidia wagonjwa.

Nilihisi lile jino.

Nikamwambia anieleze mimi kwanza, tukiwa wawili, kama anavyojieleza akiwa peke yake. Alisitasita, halafu akaanza, na alipoanza sikuweza kumsimamisha. Alisema aliwahi kuiona moja Nyakanazi, mwenyewe amesimama kula chipsi mayai, akaruhusiwa kukaa juu yake. Kiti kiko chini, miguu yote miwili inakanyaga ardhi bila kujinyoosha. Usukani mpana unakufuata wewe, huinami kuufuata. Miguu inakwenda mbele, mgongo unanyooka. Alisema kwa miaka tisa hajawahi kukaa juu ya pikipiki mgongo ukiwa umenyooka. Akasema mlio wake ni wa chini, haugombani na mtu. Nikamuuliza kwa nini isiwe iliyotumika, angeipata upesi. Akasema pikipiki zote alizowahi kuendesha zilikuwa na mambo ya watu wengine ndani, hii sahani za klachi zimeungua kwa papara za fulani, ile fremu imepinda kwa ajali ambayo hakuna anayeikiri. Alitaka moja ambayo ikiharibika ameiharibu yeye. Alitaka zile siku za kwanza za kuizoesha injini polepole, bila kuikaba, awe yeye.

"Na baba," akasema, "haina mahali pa kuweka gunia. Hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Halafu nikamwambia hayo hayo atayasema mbele ya mtungi, au mimi sitaketi.

Basi mtungi ukawekwa, mchana, uani kwangu. Walikuja wengi. Dada yangu Leokadia, ambaye ulimi wake haujawahi kuzeeka, akamuuliza Eliya kabla hajasimama kama pikipiki hiyo inakuja na mke au mke atanunuliwa baadaye. Watu wakacheka. Eliya alishika mrija, akasimama. Alisema ni ya kupanda yeye siku ambazo hafanyi kazi. Kutoka Nyakanazi kuja huku, kupandisha milima taratibu akiangalia mabonde, kurudi. Haitabeba ndizi. Haitabeba mahindi. Anaitaka kwa sababu anaitaka.

Hakuna aliyepiga makofi. Akanywa peke yake.

Gaspari akauliza kwa upole, maana kaka yangu hajawahi kuwa mtu wa kelele, kama kijana ameona ukoo ni mzigo. Akasema katika nyumba hii kitu hununuliwa kwa ajili ya watu. Akanielekezea mkono. Akasema mfano ndiye huyu hapa, baba yake, aliyetamka baiskeli yake mpya kuwa ya kahawa na wagonjwa, akatimiza mpaka ilipokatika. Akamwambia Eliya ajifunze kwa baba yake.

Wote wakanitazama. Eliya akanitazama. Ningeweza kunyamaza tena, na kijana angerudisha neno lake, angenunua ya kubeba mikungu, tungemaliza mtungi tukiimba. Nikasimama.

"Kaka," nikasema, "nilidanganya. Baiskeli ile ilikuwa ya kwenda Mugoma kwa msichana. Sikuipeleka kwenye kahawa hata siku moja kwa moyo. Mtoto huyu amesema kweli, na mimi nakunywa baada yake."

Nikachukua mrija nikanywa.

Mwanangu, nasaha yako niitoe hapa hapa, kwa maana nikishamaliza habari ya kaka yangu sitakuwa na maneno mengine. Ukitaka kitu, sema unakitakia nini. Ukitaka pikipiki kwa sababu mgongo wako umechoka kuinama, sema hivyo. Ukiitaka kwa sababu ni nzuri na wewe unapenda vitu vizuri, hakuna dhambi hapo, sema. Usikivalishe kitu chako nguo ya wema ili watu wakupigie makofi, kwa sababu watakuja kuudai huo wema, na watakuwa na haki. Saidia watu, ndiyo, wabebee ndizi zao, lakini uwape ukijua kwamba unatoa na wao wajue kwamba wanapewa. Eliya mpaka leo akiwa na pikipiki yake ya kazi hubeba mgonjwa yeyote bila kuuliza. Ile ndefu hampi mtu, na hakuna anayemnung'unikia, kwani hakumwahidi mtu. Na lingine nililolijua nikiwa nimechelewa: uongo wa namna ile haukuli wewe peke yako. Unamla zaidi yule aliyekuamini.

Mungu akupe unachokitaka, na akupe mdomo wa kukiomba kwa jina lake la kweli. Njia zako zinyooke kama mgongo uliopumzika, na siku ya kurudi uwakute wote uliowaacha.

Sasa kaka yangu. Niliponyanyua uso kutoka kwenye mrija, Gaspari alikuwa bado ananitazama. Nilidhani atanikaripia kwa kuuchezea mtungi wa ukoo, na kwa hilo nilikuwa nimejiandaa.

"Miaka yote ile," akasema, "mimi nilidhani unanipa kwa moyo."

Nikamwambia kaka, kaa, tuzungumze. Leokadia naye akamwambia akae, pombe bado ipo. Aliokota fimbo yake, akavaa kofia, akampita Eliya akamgusa bega, akaingia kwenye njia ya migombani inayokwenda kwake. Si mbali, nikiita kwa nguvu ananisikia. Nimekwenda kwake mara nyingi tangu siku ile. Ananipokea, ananipa kiti, anauliza hali ya watoto. Uani kwangu hajakanyaga tena.