Kobe Aliyekula Mawe ya Mgeni

Kobe hakuwa wangu. Alikuwa wa mke wangu. Alipanda naye kutoka Mazinde kule bondeni siku tulipooana, ndani ya kikapu, zawadi ya baba yake. Mkwe akaniambia, "Huyu ndiye ndugu yake huko kwenye baridi yenu. Mtunze." Nilikubali upesi. Nilikuwa nauza kabichi sokoni Lushoto, na majani ya nje hayanunuliwi. Nikasema moyoni, mgeni gani rahisi kama huyu?

Mwaka ule tulipohamia kijiji kipya cha ujamaa, mke wangu alimbonyeza kobe kwa kidole gumba na gamba likabonyea. Akambonyeza tena ili nione. Hakupiga kelele. Alishusha kutoka darini kile kikapu cha Mazinde, akakitundika mlangoni.

"Akifa huyu, mimi nashuka Mazinde."

"Kutembea?"

"Nimesema nashuka."

Bwana mifugo, ambaye kazi yake ilikuwa ng'ombe, alimgeuza kobe kama anayekagua ndala. "Unampa nini?"

"Kabichi."

"Na nini?"

"Kabichi."

Akacheka mpaka nikakasirika. Mifupa yake inataka chokaa, akasema, na jua. Mpe majani ya mchunga, mpe maganda ya mayai yaliyosagwa. "Lakini usimpe chokaa mbichi ya kupakia nyumba, itamuunguza mdomo."

Jua, katika ukungu ule wa milimani! Nikaanza na mayai. Nako nikakuta kijiji kizima kinangoja mgeni mkubwa kutoka mkoani, na kila yai limeshawekewa nafasi kwenye karamu yake. Nilibaki na bibi jirani, ambaye kuku wake alikuwa ametoka kuangua. Maganda yalikuwa yamefungwa kwenye kitambaa, yananing'inia juu ya meko.

"Shikamoo bibi. Naomba yale maganda."

"Marahaba. Hayatoki."

"Ni takataka, bibi."

"Takataka ni kabichi zako. Ganda likitoka nyumbani kabla vifaranga hawajaota manyoya, mwewe huwafuata mmoja mmoja. Wewe umekulia wapi, mgosi?"

Nilitoa kabichi moja. Nikatoa mbili. Nimewahi kumpandisha bei mwenye lori la Tanga akaondoka akinishukuru, lakini bibi yule alipokea kabichi zote mbili, akaniambia nirudi manyoya yakiota. Kwa hiyo mimi, mtu mzima, nikawa napita kila asubuhi kuchungulia mabawa ya vifaranga. Mmoja alichelewa kuota, nadhani kwa makusudi.

Siku maganda yalipotoka, niliyachemsha, nikayatwanga kwenye kinu hadi yakawa kama unga, nikayanyunyiza juu ya mchunga. Kobe akala mchunga. Unga akauacha. Nikauchanganya na kabichi iliyokatwakatwa. Akafumba mdomo, akaingiza kichwa ndani, na huwezi kubishana na mtu aliyefunga mlango. Mke wangu alikuwa anatazama. Akakipangusa kikapu vumbi.

Mgeni naye hakuja. Mvua ilikata barabara ya Soni, karamu ikaliwa na kamati, na kilichobaki ni mawe yaliyopakwa chokaa, yamepangwa kuzunguka ofisi ya kijiji, meupe kama meno. Yalikaa hivyo mvua zote, na jua liliporudi nikaanza kumwachia kobe huko uwanjani, penye mwanga kuliko kwangu.

Ndipo katibu wa kijiji akaja mbio. "Ndugu! Kobe wako anakula mawe ya Serikali!"

Tulimkuta analiguguna jiwe la kona, polepole, bila haya. Alikuwa ameshalimenya upande mzima. Nilikimbia kwa bwana mifugo, nikiamini nimeua. Akasema chokaa iliyokaa muda mrefu hivyo imeshageuka jiwe, haiunguzi tena. Mwache ale.

"Aache!" akasema katibu niliporudi na jibu hilo. "Mgeni akija je?"

"Tutapaka upya."

"Nani?"

"Mimi. Kwa kujitolea. Lakini hili la kona apewe."

"La kona ndilo linaloonekana barabarani! Apewe la nyuma, karibu na choo."

"Mawili ya nyuma."

Alifikiri. Tukapatana mawili.

Nilipaka mawe yote kwa mkono wangu, yale mawili mara mbilimbili. Katibu akauliza mbona ya chooni yameng'aa kuliko ya mbele. Nikamjibu huko nyuma ndiko kwenye uchafu. Kobe nilimfungia nyumbani hadi chokaa ile nayo ikaiva, naye akanikunia mlango mchana kutwa kama mdai.

Mahindi yalipokomaa, mke wangu alimbonyeza kobe kwa kidole gumba. Akarudia. Ukingo wa nyuma ulibaki umepinda kama mfuniko wa sufuria kuukuu, na haukunyooka tena. Lakini gumba halikuzama. Akakishusha kikapu mlangoni, akaenda nacho shambani kuvuna.

"Na hizo kabichi zako," akasema bila kugeuka, "kauze."