Dada Yangu Hajui Kwamba Ni Mimi Niliyemwacha

Msimamizi wa ukurasa, tafadhali lifiche jina langu. Mimi ni mzee wa miaka sabini na moja, mwalimu mstaafu. Mke wangu alifariki miaka minne iliyopita, na tangu hapo ninaishi peke yangu mtaa wa Satellite, Nairobi, katika nyumba ya vyumba vitatu ambamo viwili sivifungui. Mwanangu wa pekee, nimwite Wekesa, anaishi Spring Valley, mtaa wa matajiri. Si mtoto mbaya. Kila mwisho wa mwezi hunitumia dereva na mifuko ya vyakula. Dereva huniamkia, huiweka mifuko mezani, huondoka.

Mliuliza hapa: ungemshauri nini kijana uliyekuwa? Nimeyasoma majibu yenu yote, ingawa uandishi wa baadhi yenu umenitesa. Mmoja angejiambia anunue ploti Mutuini, pembezoni mwa jiji, kabla bei hazijapanda. Mwingine angejiambia asimfuate yule mpiga gitaa wa kanisani. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu mimi nina ushauri mmoja tu, nao umechelewa miaka hamsini na minne.

Nilikuwa na miaka kumi na saba mama yetu alipofariki, huko kwetu magharibi. Baba tulikuwa tumemzika zamani. Tulibaki mimi na dada yangu wa miaka kumi na mmoja. Nitamwita Naliaka, ingawa silo jina lake. Mama aliugua mwaka mzima, na mwaka huo wote ni mimi niliyempikia Naliaka uji, niliyemsuka nywele vibaya, niliyemfokea asipooga. Mjomba wetu alikuwa mfagiaji wa ofisi katikati ya jiji la Nairobi, naye alikuwa na vyumba viwili Riruta. Baada ya mazishi alilazimika kurudi kazini kabla wazee wa ukoo hawajakutana kuamua tulelewe na nani. Nilimsindikiza hadi kituo cha basi. Akanishika bega, akasema, "Waambie wazee nitawachukua nyote wawili. Tutabanana, lakini tutakaa."

Jioni hiyo wazee waliketi uani. Mmoja akaniuliza, "Haya, kijana, mjomba wako ameacha neno gani?" Nilisimama, nikaweka mikono nyuma kama tulivyofundishwa shuleni, nikajibu bila kusitasita: "Amesema ana nafasi ya mtu mmoja." Wakanisifu kwa kusema vizuri. Naliaka alikuwa jikoni akiosha sufuria; yeye aliambiwa kesho yake asubuhi. Alipelekwa kwa shangazi, hakumaliza darasa la sita, akaolewa akiwa bado mtoto.

Nami nilipofika Riruta, mjomba alitazama nyuma yangu, mlangoni. "Mdogo wako yuko wapi?" Nikamwambia, "Amekataa kuja. Anataka kukaa kwa shangazi."

Mtaniuliza kwa nini. Sikumchukia. Nilikuwa nimechoka kuwa mama wa mtu. Nilitaka mahali ambapo mimi ndiye nitakayeambiwa nile, nilale, nivae sweta. Nilipapata. Mke wa mjomba alinilea kama mwanawe wa kuzaa.

Naliaka alihamia Nairobi akiwa mtu mzima. Amepanga Mutuini, anafuga kuku na kulima mboga kidogo. Mke wangu alipofariki, alianza kuja kwangu kila Jumamosi, na hajakosa hata moja. Hufungua friji yangu na kupiga kelele: "Baba Wekesa, humu kuna maji na dawa tu! Kwani unaishi na malaika?" Nikimwambia apunguze sukari, hujibu, "Mwalimu, hata chai utaisahihisha?" Siku nyingine sita za wiki sizungumzi na mtu, isipokuwa mwenye duka.

Mjomba alifariki miaka mingi iliyopita, na Naliaka hakuja kumzika. Mkewe bado yuko Riruta. Amezeeka sana, na siku hizi haondoki kitandani. Nilipomtembelea mwezi huu alinishika mkono, akasema: "Mwanangu, niletee yule msichana kabla sijaenda. Nataka tu kumuuliza tulimkosea nini hata akatukataa. Nilikuwa nimeshamtandikia kitanda."

Jumamosi nilimfikishia Naliaka nusu ya ujumbe huo. Nilisema, "Mke wa mjomba anakuita." Akaiweka sufuria kwa kishindo. "Mimi? Niende kwa huyo mama? Nikiwa mdogo hawakunitaka, sasa nimezeeka ndio nimekuwa mtamu?" Kisha alinihurumia, akalainisha sauti. "Si wewe nimekasirikia, kaka. Wewe ulikuwa mtoto tu. Ni wakubwa waliamua."

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapo hapo. Niliomba chai.

Yule kijana ningemwambia kwamba uchovu wake ungeisha. Ningemwambia kuwa huwezi kumtoa mtu maishani mwako kwa sentensi moja, kisha ukatarajia kuishi bila kumsikia akiosha sufuria. Ningemwambia aufikishe ujumbe kama alivyopewa, hata kama sauti ingetetemeka. Lakini hanisikii.

Nikimwambia Naliaka ukweli, huenda asikanyage tena kwangu, na hapo sitakuwa na mtu. Nikinyamaza, mama aliyenilea atakufa akiamini kwamba alikataliwa na mtoto, na mjomba ataendelea kuchukiwa kaburini kwa neno ambalo hakulisema. Wanaomuuguza wanasema hana siku nyingi. Nimewapa watu majibu ubaoni kwa zaidi ya miaka thelathini, lakini hili limenishinda, nami ninawaomba ninyi mlio sawa na wajukuu wangu mniongoze. Jumamosi Naliaka atabisha hodi. Nimwambie, au ninyamaze? Na kama ni kumwambia, nianze na neno gani?