Ufuko Tuliomfagilia Mgeni

Mpaka leo, mtu akikaa hapa Njombe akaniambia kwamba ule ufuko wetu wa Ziwa Nyasa haukuwa na wenyewe, nampa vidonge vyake. Ulikuwa na wenyewe, na mama yangu alikuwa mmojawapo.

Kijiji chetu kilibanwa kati ya milima na maji, shamba la maana hakuna. Vyungu ndivyo vilivyotulisha. Mama na wenzake walifinyanga, wakavichomea ufukweni, pale miamba ilipokinga upepo, kisha wakavipandisha mlimani kwa Wabena, waliolima mahindi. Chungu kilibadilishwa kwa mahindi yanayokijaza. Kikipasuka motoni, ndiyo njaa hiyo.

Siku moja jumbe wa kijiji akatangaza kwamba Bwana Shauri, yule Mzungu aliyetawala wilaya, anashuka kutoka boma la Njombe na mkewe, kuja kupumzika. Basi wanawake wakafanya lile wanalomfanyia mgeni yeyote. Wakahamisha vyungu vyote, wakazoa majivu, wakafagia mchanga mpaka ukabaki mistari ya fagio tu. Walidhani wanaonyesha heshima. Yule bwana akatembea huku na huku, akaona peupe, akamwambia jumbe kwamba hapa hapana mtu, kwa hiyo patakuwa pa mapumziko ya maofisa. Moshi marufuku. Na jumbe, mtu aliyelelewa kwa vyungu hivyohivyo, akaitikia ndiyo bwana, ndiyo bwana. Hasira yangu kwake haijapoa hata kidogo.

Mama akaanza kuchomea nyuma ya nyumba. Upepo wa mlimani ukauchezea moto, vyungu vikapasuka karibu vyote. Tukashindia mihogo, baadaye hata mihogo ikawa ya kutafuta.

Bwana Shauri aliporudi, mama alimfuata hadi kwenye hema lake. Kiswahili alikijua cha kubadilishana mahindi tu, lakini siku ile kilimtosha.

“Bwana, tulipafagia kwa sababu wewe ni mgeni,” alisema. “Hapa ndipo tunapochomea vyungu. Watoto wangu wanakula kwa hapa. Turudishie.”

Yule bwana alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote, mshenzi yule. Kisha akatabasamu, akamgeukia jumbe aliyekuwa kando yake.

“Kumbe ni huyu aliyefagia? Kazi nzuri. Mwambie awe anakuja kila nikishuka, atapewa unga.”

Jumbe akaitikia. Mama akakung'uta udongo uliomkaukia mikononi. Halafu akauliza ufagio uko wapi, maana nyumbani tulikuwa hatujala.