Mwendo wa Shangazi Severina

Kila walipotoka nyumbani, shangazi yangu Severina alisimama kwanza mlangoni mpaka mumewe atangulie. Alianza kufanya hivyo alipoolewa huko milimani juu ya Ilula, na hakuacha mpaka mwisho. Alisema mke hamkanyagi mume visigino.

Nilipokuwa mtoto kusimama huko kulikuwa na sababu, maana shangazi alikuwa na mwendo. Niliwahi kumfuata akishuka barabarani na tenga la nyanya kichwani na mtoto mgongoni, na kwenye kila mteremko alilazimika kujizuia asimpite Mzee Philbert, aliyekuwa mbele amefumbata mikono nyuma, hana hata mfuko. Kisha wakaja watoto wengine, kuni, maji, na matenga mengine. Alipofika miaka sabini alikuwa akiyumba kwa sababu ya nyonga, na mzee, aliyemzidi umri, bado anakata njia. Watu walimsifu mzee kwamba bado ana nguvu, ila bibi ndiye kachoka. Naye alizipokea sifa hizo kama haki yake. Husemwa kwamba wanawake wakizeeka miguu yao huwa mizito, na husemwa kama vile mvua imenyesha tu, hakuna aliyehusika. Maneno hayo yananitia kinyaa mpaka leo.

Kisha macho ya shangazi yakaanza kufifia. Alijigonga kwenye milango, akamwaga uji nje ya kikombe. Ikatangazwa kanisani kwamba madaktari wa macho watakuja kituo cha afya kwa siku moja tu. Mzee naye alilalamika kwamba jicho linamwasha. Waliondoka alfajiri, yeye mbele. Akafika, akapimwa, akapewa dawa ya matone, akanywa chai kwa mama ntilie, akaanza kurudi. Akamkuta mkewe darajani, bado anakwenda. Akamwambia kwamba yeye ameshaonwa, warudi nyumbani, njaa inamuuma.

Shangazi akageuka.

Habari hiyo niliisikia mwaka uliofuata, nilipokuja kutoka Mbeya ninakofundisha, nikamkuta akipapasa ukuta kwenda jikoni. Nilimpeleka hospitali Mbeya. Daktari alisema ni presha ya macho, kwamba ingeweza kuzuiwa mapema, lakini kilichokwisha kupotea hakirudi. Tuliporudi, basi likipita njia panda ya Rujewa, aliniuliza kama mpunga umeshaiva. Nilimwambia umeiva, kisha nikageukia dirisha.

Jioni ile nilimuuliza mzee, kwa adabu yote niliyobakiwa nayo. Alikuwa anakula.

"Mzee, siku ile kwa nini ulimgeuza?"

Alimaliza kwanza kulamba vidole. "Kwa mwendo ule angefika saa ngapi? Shangazi yako kobe. Halafu mimi ningekula nini?"

Shangazi alikuwa amekaa palepale na bakuli la maji ya kunawa, akisubiri amalize. Nilitoka nje nikatema mate.

Baadaye wazee wa kigango walimsema, na mzee akalazimika kumwongoza mkewe kwenda Misa, huyu ameshika ncha moja ya fimbo na yule nyingine. Kina mama waliowaona walisema huo ndio upendo wa ndoa, na mmoja alifuta machozi. Mimi nilikuwa namwona mwanamume anayevuta mzigo kwa mara ya kwanza maishani mwake, huku anasonya.

Shangazi alifariki wakati wa masika. Mara ya mwisho nilipomwona, tulitoka Misa pamoja, nikatembea ubavuni mwake. Kila hatua aliipapasa chini kwa kidole gumba cha mguu kama anayetafuta shimo, na mzee akasimama, akapumua, akavuta fimbo, akasimama tena. Alisema chakula kitapoa. Alisema jua litawakuta njiani. Nilimwambia anipe mimi fimbo, nitamleta shangazi taratibu, yeye atangulie. Shangazi akanifinya mkono, na kwa nguvu.

Mbele kidogo mzee alikutana na mtu, wakaanza kusalimiana. Shangazi akaniinamia sikioni, uso wake umetulia kabisa.

"Usimwache atangulie, mwanangu. Njia hii naijua. Naweza kwenda haraka kuliko hivi."